Full Virginia Flake ya Samuel Gawith: tumbaku tamu sana, ila usiiwashe ikitoka tu kwenye kopo

Wadau wa kiko, hii tumbaku nimeivuta vya kutosha sasa naweza kuisema bila kubabaisha. Full Virginia Flake ni moja ya tumbaku bora kabisa za Virginia tupu unazoweza kuweka kwenye kiko, na pia ni moja ya zinazosingiziwa sana. Utasikia mtu anasema haiwaki, mwingine inamzimikia kila baada ya pafu mbili, mwingine kiko kinakoroma mpaka maji yanamfika mdomoni, mwingine eti imemuunguza ulimi na ladha hajaiona. Mi nawaambia wengi wa hao walikuwa wanavuta maji. Tumbaku yenyewe bado hawajaionja. Kwa hiyo rivyu hii nusu ni ya tumbaku na nusu ni ya kazi ya mikono kabla ya kiberiti, na hiyo nusu ya pili ndo inayoamua utaipenda au utaigawa.

Tuanze na kitu chenyewe. Virginia ni tumbaku ya mvuke, yaani majani yanakaushwa kwa joto la bomba ndani ya bani, yaani nyumba ya kukaushia tumbaku, bila moshi kuyagusa, na ukaushaji huo unabakiza sukari nyingi sana kwenye jani, tofauti kabisa na Burley ambayo ni tumbaku ya hewa na sukari yake inakaribia kuisha yote ikiwa inaning'inia. Sasa majani yakishakuwa tayari yanapangwa tabaka kwa tabaka, yanagandamizwa kwa uzito mkubwa pamoja na joto, mafuta na sukari za jani moja zinaingia kwenye jani jingine, rangi inakolea, mwisho unapata donge gumu linalokatwa slaisi nyembamba. Hizo slaisi ndo fleki. Jani lililobanwa hivyo halina hewa nyingi ndani yake, ndo maana linaungua polepole na kwa joto la chini, na ndo maana watu tunahangaika nalo wakati kuna tumbaku za kumwaga tu kwenye kiko na kuwasha.

Samuel Gawith ni wa Kendal, kaskazini magharibi ya Uingereza, biashara ambayo mizizi yake ni ya 1792 na ilianza na ugoro, alafu mwaka 2015 ikaungana na Gawith Hoggarth, ambao nao ni wa hapohapo Kendal na wa ukoo huohuo. Nalitaja hili kwa sababu moja tu, tumbaku zao bado zinatengenezwa kizamani na zina tabia ya kizamani, zinakuja zikiwa na unyevu mwingi na zinategemea mvutaji anajua afanye nini. Tumbaku nyingi za kisasa zinakuja zimeshakaribia kuwa tayari ukifungua tu, hii inakuachia wewe kazi.

Ukifungua lile kopo la gramu 50 unakutana na vipande virefu vya kahawia iliyokolea, vimekunjwa na kulaliana, vingine vimeshikana kabisa. Harufu ni ya matunda yaliyokaushwa, tini na zabibu, na nyuma yake kuna nyasi kavu na kitu chachu kidogo kwa mbali. Vikishikana usivivute kwa nguvu maana vitachanika ovyo, pitisha ncha ya kisu butu katikati, vitaachana. Toa kinachotosha kiko kimoja au viwili tu, funga kopo. Ukikibonyeza kipande utasikia ubaridi wa maji kwenye vidole, na hapo ndo watu wengi wanakosea haraka, wanakikunja vilevile wanakisukumia ndani wanawasha.

Maji ndani ya jani lazima yachemke yatoke kabla jani halijaungua, kwa hiyo moto wako wote wa mwanzo unaishia kuchemsha. Kiko kinataka kuzima, wewe unavuta kwa nguvu kisizime, ukivuta kwa nguvu joto linapanda, na sasa unachovuta ni moshi uliochanganyika na mvuke, na mvuke unabeba joto kuliko moshi mkavu, unalipeleka moja kwa moja kwenye ulimi. Mvuke mwingine unapoa kwenye shina la kiko unakuwa maji, ndo huko kukoroma. Halafu sukari ya Virginia inafanya moshi wake uwe mkali kwenye ulimi ukiwa wa moto. Yaani matatizo yote matatu, kuzima na kukoroma na kuungua ulimi, mzizi wake ni mmoja na dawa yake ni moja.

Dawa ni kukausha, na hapa ntakaa kidogo maana ndo moyo wa jambo lenyewe. Tandaza slaisi kwenye karatasi nyeupe isiyo na maandishi, chumbani, kivulini, hewa inapita. Usiulize dakika ngapi. Hewa ikiwa kavu inaweza kuchukua saa moja, hewa ikiwa nzito inaweza kulala mpaka asubuhi, na anayekupa namba kamili anakupa namba ya chumba chake. Uliza vidole. Kunja slaisi polepole: ikijikunja yote bila hata kupasuka juu, bado ina maji. Ikikunjika na kuanza kuonyesha nyufa ndogondogo pale kwenye mkunjo lakini haivunjiki, hapo umefika. Ikikatika kwa mlio, umepitiliza. Kwa iliyokwisha kufikichwa, chukua kiasi kidogo ubane kati ya kidole gumba na cha shahada alafu uachie, ikibaki donge ni mbichi, ikifumuka taratibu ni sawa, ikilia na kutoa vumbi ni kavu mno.

Watu watakuuliza mbona isikaushwe kabisa ili iwake vizuri? Inawaka ndiyo, ila inawaka haraka na kwa moto mkali, na ile ladha ya matunda inapotea inabaki ladha ya karatasi. Unyevu kidogo unatakiwa. Ikikupitiliza kidogo hamna haja ya kuitupa, weka kwenye bakuli, funika juu na kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa sana ila kisiguse tumbaku, acha muda kidogo, italainika.

Njia za mkato zipo na nimezijaribu. Juani hapana, kingo zinakauka katikati bado mbichi na harufu inaondoka nayo. Chini ya taa ya mezani inafaa ukiwa na haraka ila ugeuze kila wakati. Maikrowevu kwa sekunde chache inatoa maji kweli, lakini ukinusa baada ya hapo utajua imeondoka na kitu kingine pia, chumba kizima kinanukia na kiko hakinukii, mi siipendekezi kwa tumbaku nzuri hivi.

Kuna jambo moja sijaona watu wakilisema sana, nalo limebadilisha kabisa hii tumbaku kwangu: mpangilio wa kukausha na kufikicha. Ukiifikicha ikiwa mbichi kabisa inajiviringa inakuwa vidonge na nyuzi zilizoshikana, vikikauka hivyo vinakuwa vigumu na moto unavirukaruka. Ukiikausha kabisa kwanza ndo uifikiche, unapata vumbi na vumbi linaziba kiko. Kwa hiyo kausha slaisi nzima mpaka ubaridi wa maji uishe kwenye vidole, hapo ifikiche nusunusu, alafu iache tena wazi imalizie kukauka ikiwa imeshafumuka. Kama una subira zaidi, ukimaliza iweke kwenye kikopo kidogo kilichofungwa kwa muda, ule unyevu uliobaki katikati ya vipande vinene unasambaa mpaka nje, yote inakuwa sawa. Kiko cha namna hii unakiwasha mara mbili mwanzoni na unaweza kwenda nacho mpaka karibu na mwisho.

Sasa kuna namna tatu za kuiandaa na nitasema ninachofikiri kwa kila moja, japo si kwa urefu sawa.

Kufikicha ndo ninakoegemea. Weka slaisi kwenye kiganja, kwa vidole vya mkono wa pili isugue kwa mviringo mpaka ifumuke. Ukifikicha yote mpaka iwe nyuzi tupu, inawaka kirahisi na utamu unakuja mapema na wa wazi, lakini inakwenda haraka na ukizubaa inapata moto. Ukiiacha nusu, yaani nyuzi zimechanganyika na vijipande ambavyo havijaachana, nyuzi zinabeba moto na vijipande vinaupunguza kasi, hapo unapata vyote. Kwa hii Full Virginia Flake hiyo nusunusu haina mpinzani. Wakati unafikicha toa vijiti, ukikuta mshipa mgumu wa jani uondoe, huo hauungui sawa na wenzake.

Kukunja na kujaza ndo staili inayopendwa na wakongwe. Unachukua slaisi, unaikunja kwa urefu wake mara mbili, unaikunja tena katikati, unaiminya na kuizungusha kidogo ili nyuzi zilegee, alafu unaiingiza kwenye kichwa cha kiko nyuzi zikiwa zimesimama zinaangalia juu. Juu yake unanyunyiza makombo ya iliyofikichwa yapokee moto. Ikikubali, moshi wake ni wa baridi na ladha ni nzito kuliko njia nyingine zote, hilo sibishi. Shida ni kwamba jani lililobanwa likipata joto linavimba, kwa hiyo ulichojaza kikaonekana kinapumua vizuri kinaweza kuja kuziba katikati ya safari. Ukiamua kwenda hivi, iwe kavu kuliko ya kufikicha, kiko kiwe na mdomo mpana kidogo, na ujaze ukiacha nafasi, hasa pembeni na chini kabisa. Na ukubali kuwasha tena na tena, hiyo ni sehemu ya staili yenyewe.

Kukata vijipande ni rahisi kuliko zote. Kisu kikali au mkasi, slaisi kadhaa pamoja, unakata vijidude vya pembe nne kisha unavimimina kwenye kiko, unagonga kiko pembeni vijipange, basi, hushindilii. Vinaungua polepole mno na vinafaa kiko chembamba kirefu. Mwanzo wake ni wa kuchosha maana moto unachelewa kushika, weka makombo juu.

Kwenye kujaza kipimo changu ni kimoja, kabla ya kuwasha vuta hewa tupu, iwe kama unanyonya soda kwa mrija. Ikiwa bure kabisa hujajaza, ikiwa unavuta na mashavu yanaingia ndani toa yote uanze upya. Usijaribu kuirekebisha kwa kuichomachoma na waya, utatengeneza shimo moja na moto utapita hapohapo. Tumbaku ya kugandamizwa inajazwa kwa wepesi kuliko tumbaku ya kawaida kwa sababu hiyo niliyosema ya kuvimba.

Moto wa kwanza ni wa kuamsha tu. Kiberiti acha kichwa chake kiungue kiishe ndo upeleke, zungusha juu yote huku ukivuta kidogokidogo, tumbaku itainuka. Acha izime. Shindilia kwa uzito wa mkono wenyewe tu, alafu washa tena, huo wa pili ndo moto wenyewe. Vile viberiti vya gesi vyenye mwali mkali wa kuchonga, hapana, vinaunguza mdomo wa kiko na vinachoma tumbaku kabla haijatoa ladha. Baada ya hapo vuta taratibu, kichwa cha kiko kiwe cha uvuguvugu unaoweza kukishika shavuni, kikiwa cha moto kiweke chini kipumzike hata kikizima. Kuzima si aibu, na kuwasha tena kiko kilichopoa kuna ladha nzuri tu.

Na ladha? Ikiandaliwa hivi mwanzo wake ni mpole, mkate uliookwa na nyasi kavu, utamu upo lakini unajificha, mtu mwenye haraka atasema ni tumbaku ya kawaida. Kuanzia katikati inabadilika, inakuwa nzito, matunda yaliyopikwa, tini, kitu cha giza chenye utamu usiochosha, na unahisi moshi umekuwa mzito mdomoni bila kuwa mkali. Robo ya mwisho ndo tamu kuliko zote kama hukuiwasha ikiwa bado na maji, na inaungua mpaka majivu ya kijivu laini, huachi bonge bichi chini ya kiko. Hakuna manukato ya kuongezea unayoyahisi mbele, ni jani lenyewe limepikwa na kubanwa, na hilo ndo naliheshimu. Ila uivute kwenye kiko safi. Kiko kilichozoea tumbaku za vanila na cheri kitaifunika hii kabisa, safisha shina kwa waya wa pamba na ikiwezekana itengee kiko chake.

Nguvu yake ni ya kati. Haitakuangusha lakini ina nikotini ya kutosha, usiivute ukiwa na njaa. Na niseme hapa bila kuzunguka, moshi wa kiko ni moshi wa tumbaku, hata usipoumeza unaleta saratani ya mdomo na koo na mengine, kwa hiyo rivyu hii ni kwa mtu mzima ambaye tayari anavuta, asiyevuta asianze kwa sababu yangu.

Mkilinganisha na nyingine: Orlik Golden Sliced, fleki ya Kidenishi, ni nyembamba zaidi na inafumuka kirahisi, mtu ambaye hajawahi kufikicha aanzie huko vidole vizoee, ila kina cha ladha hakikaribii hiki. Ndugu wa Full Virginia Flake kutoka kwa Samuel Gawith haohao, 1792 Flake, huyo ni mwingine kabisa, msingi wake ni tumbaku ya moshi, yaani majani yaliyokaushwa kwa moshi wa kuni, na ana harufu ya mbegu za tonka, inayofanana na vanila, nguvu yake ni kubwa sana, usimshike kama hujala ukashiba. Unyevu wake ni uleule na maandalizi ni yaleyale, ila yeye mkaushe zaidi kidogo.

Na wale wanaouliza kuhusu tumbaku inayokuja ikiwa mche mzima haujakatwa, mfano Jackknife Plug ya G.L. Pease inayotengenezwa na Cornell & Diehl kule Marekani, kanuni ni zilezile ila unaongeza hatua moja, kisu. Kata nyembamba kadri mkono wako unavyoweza, slaisi ikiwa nene haitafumuka, na ukaushe baada ya kukata maana mche wenyewe haukauki ndani hata ukiuacha wazi muda mrefu, unakauka ganda tu. Ya kusokotwa kama kamba unaikata visarafu vyembamba, unavifumua kwa vidole, mengine yote yanafuata njia hiihii.

Ninachokiona ni kasoro kwa Full Virginia Flake ni kwamba haikubali mtu wa ghafla. Huwezi kuamua sasa hivi ukavuta sasa hivi, lazima uwe umeiandaa mapema, na kwa mtu anayevuta kiko kidogo wakati wa mapumziko ya kazi hii si tumbaku yake labda awe anatembea na iliyokwisha kuandaliwa kwenye kikopo. Mi naandaa ya viko viwili vitatu kwa mpigo naiweka hivyo. Isikae muda mrefu tu maana ikishafikichwa inakauka haraka.

Iliyobaki ihamishe kutoka kwenye kopo uweke kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko unaobana, yale makopo bapa ukishayafungua hayabani tena vizuri. Huko ndani usiikaushe, iache na unyevu wake, Virginia iliyogandamizwa ikikaa miaka inazidi kukolea rangi na ukali wake unapungua. Ukija kufungua ukaona chembechembe nyeupe zinazometameta juu ya slaisi, zimelala bapa na harufu ni nzuri, usishtuke, vuta tu. Ila kama hiyo nyeupe ina manyoya na ukinusa inanuka uvundo, hiyo ni ukungu, usichambue vipande vizuri na vibaya, tupa yote na chupa uichemshe.